Mstari wa Bik Juu ya Tumbo Langu

Kama daktari amekuambia kwamba umechelewa kuja, kwamba tumbo lako haliwezi kupasuliwa sasa na kazi yako ni kulala na kusubiri, na huko nyumbani wanasema kusubiri maana yake umekatiwa tamaa, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si muuguzi. Shule niliiacha mapema nikaenda kuuza viazi soko la Mahoko. Lakini tumbo lile nililibeba mimi mwenyewe, na leo ninakula maharagwe bila kumuomba mtu ruhusa.

Yalianza msimu wa kupanda maharagwe, mwaka ambao barabara zetu zilikuwa zimeanza kutulia baada ya vita na watu wakaanza tena kupanga mambo ya mwaka ujao. Nilikuwa nimekaa nyuma ya vikapu vyangu, ninaota. Wateja wa Mahoko wananijua: ukitaka viazi vyangu lazima kwanza uniamshe, ingawa macho yangu yako wazi. Siku zile nilikuwa ninaota saluni kule Gisenyi mjini, yenye kioo kinachojaza ukuta mzima, ili mteja akitazama nywele zake aone na ziwa nyuma ya kichwa chake. Nilikuwa bado ninachagua rangi ya viti pale maumivu yalipoanza kwenye kitovu, kama njaa iliyokasirika.

Mama alinipa dawa ya minyoo. Kesho yake akaja Tantine Feza, mdogo wake mama. Huyu anakaa Goma, na kila siku anavuka mpaka na kikapu cha pomadi, sabuni na penseli za nyusi anazouza upande wetu wa Rwanda. Tantine ana dawa moja kwa magonjwa yote ya dunia: lavement, yaani maji ya dawa ya kusafisha tumbo, yanayoingizwa kwa nyuma. Ukiumwa kichwa, anachemsha majani, anajaza ule mpira wake, anakuambia geuka. Ukikosa mchumba, pia geuka.

"Tumbo iko chafu," akasema. "Tutaisafisha, na kesho utacheza."

Sikucheza. Maumivu yalihama kutoka kitovuni yakashuka upande wa kulia, yakakaa pale kama mtu aliyepata kiwanja. Nilitembea nimejikunja. Halafu asubuhi moja, ghafla, yakaondoka. Mama aliimba wimbo wa kanisani kutoka jikoni mpaka kwenye migomba. Mimi nilichukua vikapu nikarudi sokoni, ingawa mwili ulikuwa wa moto na miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Ukichukua neno moja tu kwangu, chukua hili: maumivu ya upande huo yakikuacha ghafla na homa ikabaki, usiimbe bado. Kimbia hospitali. Na mtu akija na mpira wa lavement wakati tumbo linauma, mpende, mkaribishe chai, lakini usigeuke.

Sokoni nilidumu muda mfupi. Nilirudishwa nyumbani nikitetemeka, na Mama aliponishika tumbo akakuta uvimbe mgumu, kama kiazi kilichoingia chini ya ngozi. Kaka yangu mkubwa, Yaya Fabien, ambaye ni fundi mwashi na hana subira hata na saruji, alitoka mbio kuita majirani. Kwetu Kanama mgonjwa hatembei kushuka mlima. Wanaume wa mtaa wanaleta ingobyi, kile kitanda cha kusuka cha kubebea wagonjwa, wanne wanaweka mabegani na wengine wanafuata nyuma kungojea zamu. Nililala humo ninaangalia mawingu, na chini yangu walikuwa wanatupiana maneno.

"Mudada huyu iko na uzito gani! Alikula viazi zote asiuze?"

"We beba, sha. Siku yako tutakubeba na tutakuangusha makusudi."

"Vestine, usilale! Utaota tena tukuteremushe fasi haiko kwenu."

Nilicheka, na kucheka kuliniuma sana. Wakati ule sikujua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa habari ya ugonjwa wangu wote.

Mahoko tulipata gari mpaka hospitali ya mjini. Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa, lakini mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alipoona rangi yangu akasimama bila kuulizwa, akanipa nafasi yake yote nikalala. Sikumjua jina. Mpaka leo nikiona mtu amejikunja kwenye benchi, ninasimama.

Daktari aliyenipokea alikuwa mrefu, mikono baridi. Alikulia Tanzania na alizungumza Kiswahili kama cha redio, mpaka Tantine alikuwa anamsikiliza kwa kinywa wazi bila kufuata maana. Aliniminya polepole, akauliza maumivu yalianza lini, yalihama vipi, yaliondoka vipi. Nilipofika kwenye wimbo wa Mama, alitikisa kichwa.

"Kidole tumbo chako kimepasuka," alisema. "Siku ile uliyopata nafuu ndiyo siku kilipopasuka. Ungekuja mwanzoni ningekitoa leo hii. Sasa matumbo yamekusanyika yakakizunguka, yamegandana. Mwili wako umejenga ukuta. Nikiingia leo na kisu nitavunja ukuta huo, na ninaweza kuchana utumbo ulio mzima."

"Donc, kwa hiyo, hamupasui?" Yaya Fabien akauliza.

"Sipasui leo. Tunampa dawa kwenye mshipa, tunalipumzisha tumbo, tunasubiri uvimbe upungue. Ukianza kukua, hapo tutalazimika kuufungua na kutoa usaha. Ukipungua, ataenda nyumbani, na baadaye tutazungumza kuhusu kukitoa kidole chenyewe wakati kila kitu kimetulia."

"Mugonjwa wetu anakufa na weye unasema musubiri!" Yaya alisema. Sauti yake ilipasuka katikati, na hapo nilijua anaogopa kuliko mimi. "Goma iko docteur anapasua leo leo. Tutamuvusha."

"Mukimuvusha mi nabaki hapa," Mama akasema. "Sitaki kuona kisu."

Daktari hakukasirika. Alitoa bik, kalamu ya wino wa bluu, kwenye mfuko wa koti, akafuata ukingo wa uvimbe kwa vidole, akauchora mzunguko wote juu ya ngozi yangu. Ulianzia karibu na mfupa wa nyonga ukafika jirani na kitovu.

"Huu mstari ndio utakaotuambia. Uvimbe ukivuka nje, nitapasua, hata kama ni hatari. Ukirudi ndani, tumeshinda. Nipeni mpaka Jumatatu."

Yaya aliukazia macho ule mstari. "Jumatatu," akasema. "Usiporudi ndani, ninamuchukua."

Hivyo ndivyo maisha yangu yalivyowekwa kwenye duara la wino.

Kwanza walinikataza kula. Wewe unayewajua watu wetu utaelewa mateso hayo. Kwetu anayekuja kuona mgonjwa haji mikono mitupu, na mgonjwa akikataa chakula cha mtu ni kama amemfungia mlango. Walikuja na uji, ndizi za kupika, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa wakanukia mpaka nje. Mama, ambaye kwanza aliona daktari ni mkatili ("Mugonjwa asikule? Atapona na nini, na upepo?"), aligeuka kuwa askari. Alisimama mlangoni na kuwaambia wageni wote: "Anakula na mushipa. Leteni, mi nitakula juu yake." Na alikula kweli. Mama alinenepa kwenye ugonjwa wangu.

Mimi nilikonda. Mifupa ya nyonga ilitoka, midomo ikapasuka, nywele zikanuka dawa. Serumu ilidondoka tone moja baada ya jingine, na sindano za asubuhi na jioni zikawa ndizo saa zangu. Nilijifunza kwamba mwili unaweza kuchoka kwa kulala. Lakini wodi ile ilikuwa na furaha yake. Mstari wangu ukawa mali ya wote. Kila asubuhi wagonjwa waliokuwa wanaweza kutembea walipita kunitembelea, wakiuliza, "Leo iko aje?" na mimi ninafunua kidogo, nao wanainama kama watu wanaokagua shamba.

Tantine, mwanamke wa kuvuka kila siku, ndiye aliyeupa jina. "Huu ni mupaka," alituelezea. "Hii kitu ilivuka bila karatasi. Sasa tunaiambia: rudia kwenu."

Wodi nzima ilicheka, nami nikashika tumbo, "Tantine, tafadhali, usinichekeshe!"

Ikafika Jumapili. Daktari wangu alikuwa amekwenda harusi huko Nyundo, ambako alimsimamia bwana arusi. Homa ilikuwa imeshuka tangu juzi yake, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema kwa sauti. Na watu wa kwaya ya Mama walikuwa wametuma habari kwamba baada ya misa wanakuja kuniombea.

Tantine alinusa hewa ya kitanda changu. "Hapana. Kwaya haitakuta mutoto wetu ananuka hivi. Banasema nini juu yetu?"

Akaleta beseni la maji ya moto, sabuni yake mwenyewe ya kuuza, ile ya mawaridi, na kitambaa kipya. Ah, ndugu yangu, sitasahau maji yale! Alinisugua shingo, mikono, vidole vya miguu. Nilifumba macho nikajiona niko kwenye saluni yangu, mimi ndiye mteja. Tantine anaosha kwa moyo wote, kama alivyomwosha Mama alipotuzaa sisi. Tumbo aliliosha taratibu sana, kwa huruma, huku akiimba.

Kisha wimbo ukakatika.

Nilifumbua macho. Tantine alikuwa ameshika kitambaa chenye madoa ya bluu. Tumbo langu lilikuwa safi, linang'aa, linanukia mawaridi.

"Tantine," nikasema, "umefuta mupaka."

"Yee, Mungu wangu. Nyamaza. Usiseme kwa sauti." Aliangalia kushoto na kulia. Mama alikuwa nje anakula chakula changu, na Yaya alikuwa hajafika. Tantine akatia mkono kwenye kikapu chake cha biashara, akatoa penseli ya nyusi. "Lala. Ninarudisha sasa hivi."

"Lakini ulikuwa mukubwa. Utakumbuka ulipita wapi?"

"We, mi nachora nyusi za bibi arusi tangu ujana wangu. Lala!"

Alichora. Tatizo ni kwamba aliogopa kuminya asije akaniumiza, kwa hiyo alichora pale tu vidole vyake vilipogusa kilele cha uvimbe, akaacha pembeni kote. Ulikuwa mzunguko mzuri, mwembamba, wenye ncha kama nyusi za bibi arusi. Ulikuwa mdogo kama kisahani.

Kabla kwaya haijafika, alipita daktari wa zamu, kijana ambaye hakuwa ameniona tangu niingie. Mama alikuwa amerudi, na Yaya Fabien alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Daktari alifunua shuka, akaweka vidole, akaviweka tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Umevuka mstari," akasema. "Umevuka pande zote, na kwa mbali." Akamgeukia muuguzi. "Waambie watayarishe chumba cha upasuaji."

Mama aliketi chini, pale pale kwenye sakafu. Yaya alipiga ukuta kwa kiganja. "Niliwaambia! Niliwaambia tangu siku ya kwanza!" Nilikumbuka yale maneno ya kuchana utumbo mzima. Nilimtazama Tantine, ambaye alikuwa amekumbatia beseni lake kifuani kama mtoto.

"Docteur, ngoja," akasema. "Ule mupaka si wenu. Ni wangu."

"Wako kivipi, mama?"

"Wa kwenu niliufuta na sabuni. Nilikuwa namuosha. Huu nilichora mimi, na sikuminya, juu niliogopa kumuumiza. Niliuchora kadogo."

Yaya Fabien alimkaribia. "Unasema tu hivyo juu unaogopa kisu! Wewe na Mama, munaogopa kisu, mutaniulia dada!"

"Yaya, ni kweli," nikasema. "Nilikuwa macho."

"Na wewe pia unaogopa."

Ni kweli niliogopa, na hapo nikaona jinsi ukweli unavyoweza kufanana na uongo ukisemwa na watu wenye hofu. Tantine aliweka beseni chini, akalowesha kidole gumba kwa mate, akapitisha juu ya mstari. Uliyeyuka ukawa doa jeusi. Kisha akamwonyesha Yaya kitambaa chenye madoa ya bluu, na kwenye mkono wake mwenyewe akachora kwa penseli, mbele ya macho ya wote, unyusi mmoja mweusi wa bibi arusi.

Daktari kijana aliangalia ule unyusi, akaangalia tumbo langu, na nikaona anajizuia kucheka. Akanishika mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akauliza muuguzi habari ya homa.

"Imeshuka, docteur. Tangu juzi."

"Na wewe, unasikia njaa?"

"Docteur," nikasema, "nilikuwa ninaangalia ile sabuni ya mawaridi nikaiona kama keki."

Hapo alicheka. "Chumba kisubiri kwanza. Tumwite mwenye mstari."

Gari la hospitali likaenda Nyundo, na Yaya Fabien akapanda nalo, maana alisema hamwamini mtu mwingine. Kwaya ilifika wakati huo huo, ikatukuta tumenyamaza wote, ikadhani nimekufa, ikaanza wimbo wa msiba. Mama akawafokea wabadilishe.

Walikuwa bado wanaimba daktari wangu alipoingia, suti nyeusi, ua jeupe kifuani, jasho usoni. Alikaa kando ya kitanda, akafunga macho, akaweka mikono yake baridi. Nyimbo zilikatika moja moja. Alianzia kwenye mfupa wa nyonga, akatembea kwa vidole, akarudi, akatembea tena.

"Siku ile," alisema bado amefunga macho, "uvimbe ulifika hapa." Akagusa jirani na kitovu. "Mikono yangu inakumbuka. Leo unaishia hapa." Kidole chake kilikuwa kimerudi nyuma mpaka katikati ya njia. "Umepungua. Tena umepungua vizuri sana."

"Donc..." Yaya Fabien alianza.

"Donc hatupasui."

Sijawahi kusikia kelele kama zile hospitalini. Kwaya ilipiga vigelegele, mama wa kitanda cha pili alipiga sahani na kijiko, na Yaya wangu, fundi wa mawe, alilia waziwazi akiwa ameshika miguu yangu yote miwili. Daktari alichora mstari mpya wa bluu, mdogo kuliko wa kwanza. Kisha akamgeukia Tantine.

"Mama, nyusi unazijua. Lakini hapa usioshe."

Tangu hapo uvimbe ulirudi ndani siku hadi siku. Walinipa kwanza kijiko cha maji, kisha chai. Chai ile ya kwanza, yenye sukari nyingi, niliinywa polepole nikilia, na sina haya kusema hivyo. Kama uko kwenye siku za mshipa sasa hivi, jua kwamba chai hiyo inakungojea.

Nyumbani nilikaa mvua zote nikiwa dhaifu. Nilitembea mpaka kwenye migomba, halafu mpaka kwa jirani, halafu mpaka barabarani. Mama alinigombeza nikibeba hata sufuria tupu. Maharagwe yalitoa maua, yakavunwa, na mimi nikarudi kwa daktari nikiwa na mashavu.

Akaniambia njia ziko mbili. Wengine hukiacha kidole tumbo kilivyo na hakirudi kuwasumbua. Wengine hukitoa kikiwa kimetulia, maana kinaweza kuamka tena. Na familia yangu, wee! Yaya Fabien, aliyetaka kisu tangu siku ya kwanza, sasa alisema tuache, tusichokoze kitu kilicholala. Mama, aliyekimbia kisu, sasa alisema kitolewe hata leo. Waligombana kwenye korido mpaka muuguzi akawafukuza. Nikabaki na daktari peke yangu.

"Wewe unataka nini?" akaniuliza.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nianze kuumwa. Nikamwambia nataka kwenda Bukavu kwa boti kujifunza kusuka nywele, na katikati ya ziwa hakuna chumba cha upasuaji. "Nitoe," nikasema. "Nataka kuota bila kushika tumbo."

Wakanilaza wakati wa kiangazi. Safari hii nilitembea mwenyewe mpaka kwenye mlango wa chumba kile. Dawa ya usingizi ilinipa ndoto ambazo hata mimi sikuwa nimewahi kuziota, na nilipoamka walikuwa wote watatu wamenizunguka. Daktari aliingia na kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha wakione. Ndani kulikuwa na kitu chembamba, kilichokunjamana, kidogo kama sambaza aliyekauka.

"Njo haka?" Mama akauliza.

"Ndicho, mama."

"Haka kadogo hivi?" Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kichupa. "We kashenzi! Unakaa kwa mutoto wangu bila kulipa nyumba, halafu unavunja ukuta?"

"Mama, acha," nikasema. "Mshono..."

"Na mi nilitaka kumuvusha mpaka Goma juu ya haka!" Yaya akasema.

"Ni kabaya kweli," Tantine akasema. "Hata pomadi haiwezi kukasaidia."

"Tafadhali," nikawaomba, "mnaniua, acheni!" Nilikuwa nimeshika mshono kwa mikono miwili, machozi yananitoka kwa maumivu na kwa kicheko pamoja, na daktari ananiuliza kama anifukuzie watu. Nikatikisa kichwa kumkatalia, na Mama akainama tena kwenye kichupa, akavuta pumzi, akaendelea kukitukana.